Accuse, charge, blame au allege: uchague lipi?

"Mhasibu anatuhumiwa kuiba fedha za ushirika." Wape watu wanne wanaojua Kiingereza waitafsiri sentensi hiyo, na usishangae ukipata majibu manne. Wa kwanza ataandika kwamba mhasibu "is accused of stealing", wa pili "has been charged with stealing", wa tatu "is blamed for the missing money", wa nne "allegedly stole the money". Kisarufi hakuna aliyekosea. Kwa mhasibu mwenyewe, hata hivyo, kila jibu lina uzito wake. La kwanza linasema kuna mtu kamnyooshea kidole. La pili linasema amesimama mbele ya hakimu akasomewa mashitaka. La tatu linasema fedha zimepotea kweli, ubishi uliobaki ni nani kazipoteza. La nne ni la mwandishi anayesema kaiba, kisha anajikinga kwa neno moja jembamba.

Kwa anayeandika Kiingereza kikazi huku akiwaza kwa Kiswahili, hapa ndipo makosa mengi yanapozaliwa: mwandishi wa habari za mahakamani, ofisa utumishi, mwanafunzi wa sheria, katibu wa kikundi ambaye kila barua ya malalamiko inamwangukia yeye. Nitayapanga maneno haya ubavu kwa ubavu, lakini sitayapa nafasi sawa. Mengine yana mitego mingi kuliko wenzake.

Accuse: mtu yeyote, kosa lolote

"Accuse" ndilo neno la kila siku. Halihitaji cheo wala mhuri. Mtoto anaweza kumtupia mwenzake, mbunge akamtupia waziri, kocha akamtupia mwamuzi. Kosa lenyewe laweza kuwa la jinai kama wizi, au la tabia tu: uongo, upendeleo, uvivu, dharau. "She accused him of ignoring her calls" ni Kiingereza cha kawaida kabisa, na hakuna kituo cha polisi kitakachofungua jalada kwa sababu ya simu zisizopokelewa.

Umbo lake ni moja: accuse, kisha mtu, kisha "of", kisha kosa. Kosa laweza kuwa nomino, "of theft", au kitenzi chenye -ing, "of stealing". Basi. "Accused for theft" si sahihi, "accused that he stole" si sahihi, na "accused to steal" ndiyo kabisa.

Kinachotuponza ni "kwa". Katika Kiswahili mtu anatuhumiwa kwa wizi, anashtakiwa kwa wizi, analaumiwa kwa uzembe, anakamatwa kwa ulevi. Kiungo ni hicho hicho, kazi inafanywa na kitenzi. Kiingereza kimegawa: accused of, charged with, blamed for, arrested for, suspected of, convicted of. Hakuna kanuni itakayokuwezesha kukisia. Njia pekee ninayoiamini ni kukikariri kitenzi pamoja na mkia wake, kama vile ni neno moja. Anayeandika kwenye daftari lake "accuse = tuhumu" amejifunza nusu; aandike "accuse-of".

Mtego wa pili hauhusu sarufi. "He has been accused of corruption." Na nani? Sentensi ya aina hii imejaa magazetini, ya kwetu na ya kwao, na inampa msomaji hisia kwamba nchi nzima inamsema mtu huyo. Ongeza "by two former employees" uone tuhuma inavyopata sura: sasa msomaji anaweza kujiuliza wafanyakazi hao waliondokaje kazini, na wana ushahidi gani. Au ongeza "by the Auditor General", uzito ukawa mwingine kabisa. Kwa maoni yangu, "accused" isiyo na "by" isiruhusiwe kupita meza ya mhariri isipokuwa mtuhumu ametajwa kwenye sentensi iliyotangulia.

Mwanaisimu wa Marekani, Charles Fillmore, alilitazama neno hili kwa jicho kali mwishoni mwa miaka ya 1960, akaliweka kando ya "criticise". Alichokiona kinafaa kukumbukwa na kila mwandishi. Tuchukue mfano wa mpira. "They criticised the coach for resting his best players": hapa hakuna anayebisha kwamba kocha aliwapumzisha nyota wake, kinachobishaniwa ni kama alifanya vibaya. "They accused the coach of selling the match": hapa hakuna anayebisha kwamba kuuza mechi ni uovu, kinachobishaniwa ni kama aliuza. Maneno mawili, na kila moja linachukulia kuwa ya kweli ile nusu ambayo mwenzake analeta hoja juu yake.

Wenye hila wanaijua siri hii hata kama hawajawahi kumsikia Fillmore. Ukitaka kitendo kisicho na ubaya kionekane dhambi, kitie tu baada ya "accused of". "He was accused of meeting foreign diplomats." Kukutana na wanadiplomasia ni kosa la sheria gani? Hakuna aliyesema ni kosa, lakini neno limeshasema. Ukikutana na sentensi kama hiyo kwenye taarifa kwa vyombo vya habari, usiitafsiri kikasuku kuwa "anatuhumiwa kukutana na wanadiplomasia". Uliza kwanza tuhuma yenyewe ni ipi.

Charge: lazima awepo mwenye mamlaka

Jirani hawezi kukufanyia "charge". Mwenye uwezo huo ni chombo chenye nguvu ya kukuadhibu: dola mahakamani, jeshi kwa askari wake, mwajiri kwa mtumishi, chama kwa mwanachama, kila kimoja kwa taratibu zake. Kwa jinai, mashitaka Tanzania yako chini ya Mkurugenzi wa Mashtaka anayetajwa katika ibara ya 59B ya Katiba, na Kenya chini ya mwenzake wa ibara ya 157. Hati ya mashitaka ikishaandaliwa, mtu akapandishwa kizimbani na kusomewa, ndipo Kiingereza kinaruhusu "has been charged with". Kabla ya hapo ana majina mengine: "arrested", "questioned", "held". Mtu aliyelala mahabusu siku mbili bila kufikishwa mahakamani hajawa "charged", hata kama mtaa mzima unajua kashikiwa nini.

Kwa hiyo haya mawili hayafuatani kama mtu anavyodhani. Mtu anaweza kuwa "accused of" jambo kwa miaka kumi, redioni na vijiweni, asiwahi kuwa "charged with" chochote. Na mtu anaweza kuwa "charged with" kuendesha gari lisilo na bima bila raia yeyote kumtuhumu. Askari wa barabarani anatosha.

Angalia pia mkia wake. "Charged with murder" ni mashitaka. "Charged for" ni bei: "We were charged for two nights" maana yake tulitozwa za siku mbili. Anayeandika "He was charged for murder" anamfanya msomaji wa Kiingereza asite kidogo, kama vile kuna hoteli imeweka mauaji kwenye bili. Ukitumia nomino, "on a charge of" na "faces charges of" zote ni sawa, kwa sababu "of" hapo inaifuata nomino, si kitenzi. Wengi wanachanganya hapo.

Na hao mashujaa wa filamu za Marekani wanaosema "I want to press charges" wametuharibia tafsiri nyingi. Kwetu mlalamikaji anakwenda kituoni kutoa taarifa. Kuamua kama mtu ashtakiwe si kazi yake. Ukimwandika mama aliyeibiwa kuku kwamba "pressed charges", umempa mamlaka ya serikali. Andika "reported him to the police".

Hapo inaingia "nitakushtaki", ambayo kwa Kiingereza haina neno moja. Mtoto akimwambia mwenzake "nitakushtaki kwa mama", hiyo ni "I'll tell Mum", wala si "accuse" wala "charge". Mwenye nyumba akimwambia mpangaji "nitakushtaki", yaelekea anamaanisha "I'll sue you", kesi ya madai, ambayo mkia wake ni "for": sued for unpaid rent. Na aliyedhulumiwa akisema "namshtaki kwa Mungu", tafsiri nzuri ni "I leave him to God". Neno moja linabeba mama, mahakama na mbingu. Kabla ya kutafsiri, uliza mashitaka yanapelekwa kwa nani.

Kitenzi chepesi, nomino nzito

Jambo moja huwachanganya hata wazoefu. Kitenzi "accuse" ni chepesi, kama nilivyosema. Lakini "the accused", yaani mtu mwenyewe, limehamia mahakamani na kukaa huko. Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 50(2), inampa kila "accused person" haki ya kuhesabiwa kuwa hana hatia mpaka kinyume chake kithibitike. Marekebisho ya Sita ya Katiba ya Marekani, ya mwaka 1791, yanasema "the accused" ana haki ya kesi ya haraka na ya hadharani. Katiba ya Tanzania, ibara ya 13(6)(b), inalinda jambo hilo hilo, ila toleo lake la Kiingereza linasema mtu "charged with a criminal offence". Na Tamko la Haki za Binadamu la 1948, ibara ya 11, nalo linatumia "charged". Maneno tofauti, mtu mmoja: yule ambaye tayari ana kesi.

Matokeo yake ni haya. Ukiwa unaandika muhtasari wa kikao cha shule au kampuni, usimwite mwenzako "the accused". Umempandisha kizimbani peke yako. Andika "the employee", "the teacher", "the member concerned". Na kama kweli yuko mahakamani, kumbuka "the accused" haibadiliki kwa wingi: mmoja ni the accused, saba ni the accused.

Waliofuatilia kesi za Kenya kule The Hague, kwenye Mahakama ya Kimataifa ya Jinai (ICC), waliziona ngazi hizi moja baada ya nyingine. Tarehe 15 Desemba 2010, mwendesha mashtaka Luis Moreno Ocampo aliwataja Wakenya sita kuhusiana na ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007. Siku hiyo hakuna aliyekuwa "the accused". Redio za Kenya ziliwaita "washukiwa": katika lugha ya mahakama ile mtu ni "suspect" hadi majaji wathibitishe mashitaka, na hapo ndipo anakuwa "accused". Uthibitisho ulikuja tarehe 23 Januari 2012, kwa wanne: Uhuru Kenyatta, William Ruto, Francis Muthaura na Joshua Sang. Kwa Henry Kosgey na Mohammed Hussein Ali majaji walikataa. Kwa hiyo hao wawili walituhumiwa mbele ya dunia nzima, lakini kwa lugha ya mahakama hawakuwahi kuwa "accused".

Yaliyofuata yaliwatesa watafsiri zaidi. Mashitaka ya Muthaura yaliondolewa na mwendesha mashtaka Machi 2013, ya Uhuru Desemba 2014: "withdrawn". Ya Ruto na Sang yalisitishwa na majaji Aprili 2016, nao wakasema wazi kwamba hawajawatangaza kuwa hawana hatia: "terminated", si "acquitted". Vichwa vya habari vya "waachiwa huru" vilizifunika zote kwa shuka moja. Kwa msomaji wa kawaida labda haikuwa shida, lakini aliyeirudisha habari hiyo kwenye Kiingereza akaandika "acquitted" aliandika uongo bila kukusudia.

Hapo pia kuna tofauti ya pwani moja na nyingine. Mkenya ana "mshukiwa" kwa "suspect" na "mshtakiwa" kwa "accused", na mpaka uko wazi. Mtanzania ana "mtuhumiwa", ambaye anaweza kuwa yule aliyekamatwa jana usiku au yule ambaye kesi yake imetajwa mara nane. Ukitafsiri kutoka gazeti la Dar es Salaam, usiishie kwenye neno. Soma habari hadi chini ujue amefikia hatua gani.

Blame: kwanza kuna balaa

"Blame" huanzia kwenye hasara iliyokwisha kutokea. Basi limepinduka, daraja limekatika, timu imefungwa nne bila. Kisha ndiyo tunamtafuta wa kumbebesha. Ndiyo maana lawama inaweza kuangukia kitu kisicho na roho: "Heavy rain was blamed for the collapse of the bridge". Jaribu kuweka "accused" hapo; mvua ingehitaji wakili. Hiki ni kipimo kizuri cha haraka: kama mkosaji anaweza kuwa mvua, utelezi au bei ya mafuta, neno lako ni "blame".

Lina miundo miwili, na yote ni sahihi: blame mtu for jambo, au blame jambo on mtu. "They blamed the driver for the accident." "They blamed the accident on the driver." "Blamed of" haipo.

Angalizo moja tu. "Police blamed the driver" ni kauli ya polisi. "The driver was to blame" ni hukumu yako wewe mwandishi. Maneno machache, dhamana kubwa.

Allege: hushika kauli, halishiki mtu

Huwezi "allege" mtu. Unaweza tu "allege" kwamba jambo fulani limetokea: "Neighbours allege that the guard slept on duty", au kwa kutendwa, "the guard is alleged to have slept on duty". "They alleged him of sleeping" ni kilemba cha accuse kwenye kichwa cha allege.

Haliendi na jambo jema pia. "She alleged that her son passed his exams" inamfanya msomaji adhani mtihani uliibiwa. Kwa dai lisilo na ubaya, tumia "claimed" au "said". Kiswahili hakitusaidii hapa, kwa kuwa "anadaiwa" linatumika kwa yote, hata kwa deni la duka.

Kazi kubwa iko kwenye kivumishi "alleged". Kiweke mbele ya kile tu ambacho hakijathibitika. Duka limevunjwa, kufuli limekatwa, rafu ziko tupu, kuna kijana kakamatwa. Wizi si "alleged theft". Umetokea, kila mtu kauona. Kijana ndiye "alleged thief". Ukikosea mahali pa kukiweka, unamwambia mwenye duka kwamba huenda amejiibia. Vibaya zaidi ni "alleged victim" kwa mtu aliyelazwa na jeraha la panga. Jeraha halidaiwi.

Na "allegedly" si hirizi. Katika nchi zilizorithi sheria za Kiingereza, zikiwemo Kenya, Uganda na Tanzania, anayerudia kashfa ya mwingine huhesabiwa kama aliyeitoa yeye. Kutia "allegedly" mbele ya "stole" hakuigeuzi habari kuwa ya mtu mwingine. Kinachosaidia ni kusema maneno yametoka wapi: "according to the charge sheet", "a witness told the court". Habari ya haki na sahihi ya yaliyosemwa mahakamani ina kinga yake kisheria. Uvumi uliovalishwa "allegedly" hauna.

Kwa upande wa kazini, nomino "allegation" ndiyo ninayoipendekeza kuliko zote. Kanuni za utendaji bora za ajira Tanzania, za mwaka 2007, katika kanuni ya 13, zinamtaka mwajiri amjulishe mfanyakazi "the allegations" kwa lugha anayoweza kuielewa, na muda wa kujiandaa kwa kawaida usipungue saa 48. Barua inayoanza "The following allegations have been made against you" imetimiza wajibu bila kuhukumu. Inayoanza "You are accused of stealing company diesel" inasikika kama ugomvi, na kila ikisomwa mbele ya msuluhishi itauliza swali lile lile: na nani?

Majirani wachache

"Indict" hutamkwa "indait", c haisikiki. Waliokaa Arusha walilizoea wakati wa mahakama ya Rwanda iliyoanzishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 1994 na kufunga kazi mwishoni mwa 2015, baada ya kuwafungulia mashitaka watu 93. Kwa kesi ya hakimu wa wilaya, liache; "charged" inatosha.

"Condemn" na "denounce" ndiyo yanayokaribia "kushutumu" pale Kiswahili kinaposhutumu kitendo. Serikali imeshutumu shambulio: "condemned the attack". Huwezi "accuse" shambulio, hutuhumiwa aliyelitenda.

"Impeach" ndilo la hatari. Marekani, ni Baraza la Wawakilishi kumfungulia mtu mashitaka tu. Kumhukumu ni kazi ya Seneti. Bill Clinton alifanyiwa hivyo Desemba 1998, Seneti ikamwachia Februari 1999, akamaliza muhula wake. Donald Trump mara mbili, Desemba 2019 na Januari 2021, na mara zote mbili Seneti ilimwachia. Kuandika "ang'olewa" ni kumwondoa mtu aliyebaki. Kenya, hata hivyo, ibara ya 145 imeliunganisha neno hilo na kuondolewa, na baada ya Oktoba 2024, Seneti ilipoafiki hoja tano kati ya kumi na moja dhidi ya naibu rais Rigathi Gachagua, masikioni mwa Wakenya "impeached" ni mtu aliyekwisha kubanduliwa. Neno moja, nchi mbili. Taja nchi kwanza.

Na kusingizia? Kiingereza cha kila siku kinahitaji maneno mawili: "falsely accuse". Kubambikiwa kesi ni "to be framed", na hapo lazima awepo mtu aliyetengeneza ushahidi, aliyeweka kete za bangi mfukoni mwako. Asiyetengeneza kitu, akaropoka tu, hajakubambikia, amekusingizia.

Barua moja, mara mbili

Hii ni rasimu ya aina inayoandikwa kila wiki na makatibu wa vikundi:

"We accuse our storekeeper for the loss of 40 bags of cement. The committee charged him on Monday and the accused refused that he stole. He is blamed of selling them at night."

Na hii ndiyo ningeituma:

"Forty bags of cement are missing from our store. Two members accuse the storekeeper of selling them at night. He denies it. The committee has reported the matter to the police."

Ya pili inaanza na kile ambacho kila mtu anaweza kwenda kukihesabu: mifuko haipo. Kisha inawataja wanaosema, na mkia wa "accuse" umekaa mahali pake. Kamati haikumfanyia mtu "charge", kwa sababu kwa kosa la jinai haina mamlaka hayo. Ilichofanya ni kutoa taarifa. Mtunza stoo amebaki mtunza stoo. "Blame" imeondoka kabisa, maana bado haijulikani kama saruji iliuzwa, iliibiwa na wapita njia, au ilitolewa vibaya kwenye leja.

"Refused" nayo imeondoka, na hii ndiyo iliyokuwa ikimwonea mtunza stoo zaidi ya zote. Kwa Kiswahili mtu "amekataa" kuiba na "amekataa" kuandika maelezo, kitenzi kimoja. Kwa Kiingereza, kukana tuhuma ni "deny". "Refuse" ni kugoma kufanya ulichoambiwa. Polisi akisoma "he refused", ataelewa kwamba aliitwa ajieleze, akagoma.